Karatasi za Karanga

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la nne. Kila nilipotumwa sokoni jioni nilipita kwa mama mmoja aliyeuza karanga kwenye kona ya mtaa wetu, Rahaleo, Lindi mjini. Alikuwa na sinia la bati, kikombe kidogo cha kupimia, na rundo la magazeti ya zamani aliyoyabana kwa goti ili upepo wa baharini usiyapeperushe. Ukimpa hela, anachana ukurasa mara nne, anasokota kipande kimoja mfano wa pembe, anabana ncha ya chini, anamimina karanga. Sisi watoto tulikula karanga tukatupa karatasi. Siku moja mimi sikuitupa.

Ilikuwa robo ya ukurasa wa katuni. Watoto wawili, mvulana na msichana, walikuwa wameteremshwa kwa kamba ndani ya kisima kinachochimbwa. Mchoraji aliupanga ukuta wa kisima kwa matabaka: juu udongo mwekundu, chini yake mchanga, kisha udongo wa kijivu, kisha jiwe. Katika kisanduku cha mwisho msichana ameweka kidole kwenye jiwe, na ndani ya jiwe limo kombe, mistari yake imechorwa mmoja mmoja. Anauliza: "Kombe la baharini limefikaje huku bara?" Pembeni, kwa herufi ndogo: Itaendelea.

Mafuta ya karanga yalikuwa yameilowesha ile karatasi hata ukiiinua juani mwanga unapita. Niliianika, nikaihifadhi ndani ya daftari la Hisabati. Usiku kitandani nilimjibu yule msichana kila jibu nililoliweza. Labda mtu alilibeba akalidondosha. Labda ndege. Lakini ndege hawezi kulidondosha ndani ya jiwe.

Kesho yake nilinunua karanga tena, na keshokutwa, kwa hela niliyopewa ya kalamu. Nilikuwa nanyoosha shingo kuchungulia rundo kabla ya kupokea changu, mpaka mama akashtuka. "We mtoto, unatafuta nini kwenye karatasi zangu?" Nikamweleza habari ya kisima. Hakunifukuza. Alisogeza goti, akanisukumia rundo lote. "Kaa hapo utafute. Ukikipata, unisomee na mimi."

Nilikaa pale jioni nyingi za mwaka ule. Mama alikuwa haoni herufi ndogo, nami nilimsomea kila nilichokiokota: vichekesho, barua za wasomaji, matangazo ya misiba ya watu tusiowajua. Katikati ya hayo zilijitokeza zile karatasi nilizozitaka, moja moja, bila mpangilio. Nyingine ilieleza kwa nini tunaona radi kabla ya kusikia ngurumo. Nyingine ilikuwa kijitabu cha katuni cha afya, kimechanwa katikati, kinachoonyesha vimelea vya malaria vikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, vikizaliana humo, kisha vyote kwa pamoja vikiipasua chembe na kutoka kutafuta nyingine. Hiyo niliisoma kwa pumzi moja. Wiki chache nyuma nilikuwa nimeugua, nimemeza klorokwini, na mwili ukaniwasha usiku kucha nikajikuna mpaka damu. Nilifahamu malaria kama kitu kinachompata mtu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndani yangu kulikuwa na viumbe wenye mzunguko wao wa maisha, na kwamba ile baridi iliyokuwa ikinitetemesha kwa vipindi ilikuja pale chembe zilipopasuka kwa wingi. Nilijiangalia mkono kwa heshima mpya.

Mwendelezo wa kisima sikuupata. Sijaupata mpaka leo, wala sijui gazeti lile liliitwaje, kwa kuwa ukurasa wake wa mbele haukuwahi kunifikia. Siku hizi nadhani ningeusoma mwendelezo wake wiki ile ile, ningeridhika na ningesahau. Swali lililochanwa katikati halikunipa nafasi hiyo.

Likizo ya mwezi wa sita nilipelekwa kwa bibi, mzaa mama, upande wa Mipingo, kaskazini magharibi ya mji wetu. Wakati huo unakwenda kwa lori mpaka barabara inapokukatalia, halafu miguu. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na kiangazi kwetu ni wakati wa ming'oko.

Msomaji asiye wa kusini huenda haijui. Ming'oko ni mizizi inayoliwa; haipandwi, inajiotea porini, na mtu huichimba, huichemsha kwa chumvi, akaibana kwa meno ili nyama yake itoke na ganda libaki. Shina lake ni uzi unaotambaa vichakani. Mvua zikiisha, uzi ule hukauka ukawa wa kahawia kama kila kitu kingine kilichokauka pale. Bibi aliufuata kwa vidole viwili, taratibu, kutoka juu kwenye matawi mpaka unapoingia ardhini. Hakuuvuta. "Ukiuvuta utakatika, na ukikatika hujui tena pa kuchimba," aliniambia. Halafu akapiga magoti hatua moja pembeni, si juu yake, akaanza kuchimba kwa mti uliochongwa ncha, akiondoa udongo kwa kiganja kila baada ya mapigo matatu manne. Kila udongo ulipobadilika rangi alisimama kidogo akautazama. Nimekuja kusoma namna wataalamu wanavyotafuta mabaki ya kale, na kila hatua yao nimeiona kwa bibi yangu kwanza.

Mti wake ukagonga kitu. Bibi akakitoa, akakitupa pembeni: jiwe la ukubwa wa ngumi. Niliokota ili nichezee. Upande mmoja lilikuwa jiwe tu. Upande wa pili lilikuwa kombe, limefumba, lina matuta yaliyojipanga mstari baada ya mstari, zito, baridi.

Nilipiga kelele bibi akadhani nimeumwa na nyoka.

"Hilo?" alisema alipoona. "Hayo yapo tele kule mlimani Tendaguru, mke mwenzangu. Tulikuwa tunayachezea. Na mifupa ya mjusi nayo ilikuwapo, Wajerumani wakaichukua. Babu yangu mimi aliibeba begani mpaka Lindi. Alikuwa na sugu hapa," akajigusa bega la kulia, "gumu kama kisigino, mpaka anakufa."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa. Mjusi niliyemjua alikaa ukutani juu ya kibatari akisubiri wadudu. Mjusi gani wa kubebwa na watu wazima mabegani? Nikajua ni hadithi, kama zile za zimwi alizotusimulia usiku. Kombe nikalitia mfukoni, na bega la babu yake nikaliacha.

Shuleni kwetu kulikuwa na kabati la vitabu vya msaada. Lilikuwa la mbao nene, lina kufuli, na ufunguo alikaa nao mwalimu mmoja ambaye alipohamishwa aliondoka nao. Hata kabla hajaondoka halikufunguliwa. Tuliambiwa watoto watavichafua. Nilipokuwa darasa la sita alikuja mwalimu mwingine, akaazima nyundo, akalivunja kufuli mbele yetu. Vitabu vilikuwa vimesimama safi, migongo nje, vimepangwa kama askari. Mwalimu akavuta kimoja. Jalada lilikuja mkononi mwake na udongo ukamwagika miguuni. Mchwa walikuwa wamepanda kwa nyuma, wamekula kurasa zote na kujaza nafasi yake kwa udongo wao, kitabu baada ya kitabu, wakaacha magamba tu.

Nimekuwa mtu mzima sasa na bado nikilikumbuka kabati lile koo linanikaba. Vitabu vilivyofichwa visiguswe na watoto vililiwa bila kusomwa hata mara moja. Magazeti ambayo mama wa karanga aliyachana vipande vinne yalinifundisha malaria. Tangu siku ile siwezi kuvumilia kitabu kilichofungiwa, iwe kwa kufuli au kwa maneno ya "usiguse".

Mwalimu yule alitwambia tuchukue chochote kilichosalia. Mimi nilipata nusu ya kitabu kikubwa cha Kiingereza chenye picha za wanyama wa kale, kuanzia katikati mpaka mwisho. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu. Ila picha moja nilirudi kwake mara nyingi: mifupa mitupu ya mnyama aliyesimama ndani ya jumba, shingo yake imepanda mpaka karibu na dari, na chini, kando ya mguu wa mbele, mtu aliyevaa koti. Kichwa cha mtu yule hakikufika hata kwenye kiwiko cha mnyama.

Nikakipeleka kwa Babu Karani. Ndivyo tulivyomwita. Ujanani alikuwa karani kwenye ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, na kutoka huko alibaki na Kiingereza, miwani iliyofungwa kwa uzi, na tabia ya kusoma kila kitu mpaka maandishi ya kwenye pakiti ya kiberiti. Jioni alikaa barazani na msuli wake. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikampa kitabu nimekifungua palepale.

Alisoma maelezo yaliyokuwa chini ya picha kimoyomoyo. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya msuli, akaivaa, akasoma tena kwa sauti, polepole, akipita na kidole. Katikati ya maneno yote yale nisiyoyajua nililijua moja. Alisema: Tendaguru.

"Bibi yako mzaa mama kwao wapi?" akaniuliza.

"Mipingo, babu."

"Basi huyu ni jirani yake."

Sidhani kama nimewahi kukimbia vile. Nilifika nyumbani, nikachukua karatasi ya kisima na lile jiwe, nikarudi kwa Babu Karani nikavipanga vitu vitatu kwenye mkeka: katuni, kombe, picha. Yeye hakuwa mtu wa sayansi na alinieleza hivyo waziwazi. Lakini alichukua kamusi yake iliyokwisha jalada, na kwa majuma kadhaa tulikisoma kile nusu kitabu neno kwa neno. Kiingereza nilichotumia baadaye kufaulu mitihani nilikipata pale.

Ninayoyaandika hapa sikuyapata yote barazani. Mengine niliyajazia miaka iliyofuata, kila kitabu kikiniongezea. Karibu miaka milioni 150 iliyopita nchi ya Tendaguru ilikuwa pwani, yenye wangwa na mchanga tambarare wa maji kupwa na maji kujaa. Bahari ilisogea ikafunika, ikarudi, ikafunika tena. Ndiyo maana tabaka zenye mifupa ya dinosaria na tabaka zenye makombe zimepandana mule ardhini, kama mchoraji wa katuni yangu alivyopanga ukuta wa kisima. Mfupa ukizikwa haraka na mchanga na matope, maji yenye madini hupenya kwenye vitundu vyake, na kidogokidogo madini huchukua nafasi mpaka umbo linabaki la mfupa na uzito unakuwa wa jiwe. Kombe nalo vivyo hivyo. Basi jibu la yule msichana kisimani lilikuwa rahisi na la kutisha kwa pamoja: kombe halikwenda bara. Lilikuwa pale pale. Bahari ndiyo iliyoondoka.

Mnyama wa pichani ndiye yule ambaye Watanzania tunamwita mjusi wa Tendaguru. Wanasayansi walimwita Brachiosaurus brancai, na sasa wengi wanamwita Giraffatitan. Mifupa yake imesimamishwa Berlin, katika Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, tangu 1937, na kimo chake ni mita 13.27. Nyumba yetu ya Rahaleo, pamoja na paa, ingepandwa mara tatu ndipo imfikie.

Lakini je, ni mjusi? Swali hili lilinikamata kuliko yote, na hapa ndipo nadhani nilivuka kutoka kupenda picha kwenda kupenda sayansi. Nilimtazama mjusi wa ukutani saa nzima. Miguu yake imetoka ubavuni na viwiko vimetanuka kama mtu anayepiga pushapu. Kenge hali kadhalika. Mnyama wa pichani miguu yake imesimama wima chini ya kiwiliwili kama nguzo chini ya dari. Kuna mwingine nyumbani kwetu aliyesimama hivyo: kuku.

Palikuwa na hitima jirani, kuku wengi walichinjwa. Nilizunguka na bakuli kuomba mifupa, na watu wakanionea huruma wakidhani nina njaa. Niliichemsha tena, nikaisugua kwa majivu, nikaianika juu ya bati. Pingili za shingo nikazitunga kwenye uzi. Nikagundua zinapokezana: kila moja ina nyuso zilizopinda kama tandiko la punda, uso wa moja ukikaa kwenye uso wa mwenzake, kiasi kwamba ukikosea mpangilio haikai. Hakuna aliyenionyesha mpangilio wake. Mifupa yenyewe ilinikatalia mpaka nilipopatia. Kisha nikauvunja mfupa wa juu wa bawa. Nilitegemea uboho kama wa mfupa wa mbuzi, nikakuta mtupu, una hewa, na ndani una vijiti vyembamba kama vya kushikilia dari. Baadaye sana nilisoma kwamba pingili za shingo ya mnyama wa Tendaguru nazo zilikuwa na mashimo ya hewa, na kwamba bila wepesi huo asingeweza kuinua shingo ile. Niliposoma hivyo nilikuwa nimekaa maktaba mbali na kwetu, na nikasikia harufu ya majivu.

Kwa hiyo bibi alikosea kumwita mjusi, ila hakukosea peke yake. Aliyelitunga neno dinosaria, Mwingereza Richard Owen, mwaka 1842, alichukua maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Mtu hutaja kitu kigeni kwa jina la kitu anachokijua, kisha hukichunguza. Kwangu mimi hiyo si aibu kwa bibi wala kwa Owen. Aibu ingekuwa kuishia kwenye jina.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi kuielewa ni ile niliyoiacha porini, ya bega la babu yake bibi. Vitabu vingi huanza na Bernhard Sattler, mhandisi wa madini aliyeukuta mfupa mkubwa umetokeza ardhini mwaka 1906, wakati vita vya Majimaji bado havijazimika kusini. Kisha wanakuja Werner Janensch na Edwin Hennig, wataalamu wa mabaki ya kale kutoka Berlin, na uchimbaji wa 1909 mpaka 1913. Niliwasoma hao wote kwa shukrani, kwa sababu ni kweli walijua walichokiona. Ila walijua na mikono mia kadhaa ya watu wa huku. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka Tendaguru, na hakukuwa na reli wala gari. Zilitoka vichwani na mabegani mwa wapagazi, mwendo wa siku tatu hadi nne, mpaka bandarini Lindi, kisha meli.

Na mifupa ile ya mawe huvunjika. Ukiidondosha, kwaheri. Plasta ilikuwa haba, kwa hiyo iliviringishwa kwa udongo na nyasi, ikafungwa kwa mianzi iliyopasuliwa na kusukwa kuzunguka mzigo. Nilipoona picha ya mzigo mmoja nilitambua kazi ile mara moja, kwa kuwa mkono unaosuka mianzi namna hiyo nimeuona ukisuka matenga na dema za kuvulia samaki. Baadhi ya mizigo hiyo ilikaa Berlin miongo mingi bila kufunguliwa, mianzi ya kwetu ikiendelea kushikilia. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na utaalamu wake wa kuandaa mifupa ulikuwa mkubwa hata Waingereza walipokuja kuchimba mwaka 1924 yeye tena ndiye aliyewasimamia vibarua. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Kiongozi wa kwanza wa Waingereza hao, William Cutler, alifariki hapahapa Lindi mwaka 1925, kwa malaria. Niliposoma hilo nililikumbuka rundo la mama wa karanga, ile katuni ya chembe zinazopasuka. Habari mbili nilizoziokota kwenye sinia moja zilikuwa zimekutana mjini kwetu miaka mingi kabla sijazaliwa.

Sekondari nilichukua mchepuo wa sayansi. Wapo waliosema msichana atapata tabu, na tabu niliipata, kama waliyoipata wavulana. Leo nafundisha Baiolojia Mtwara. Sina maabara ya kujivunia. Nina sanduku la plastiki lisilo na kifuniko, limejaa vitabu, magazeti na katuni, na yeyote anachukua bila kuandika jina. Vinapotea, ndiyo. Vingine vinarudi na mafuta ya vitumbua. Sijawahi kukuta mchwa.

Kila muhula nawaambia wanafunzi wachore katuni ya kitu wanachokijua kwa mwili wao. Watoto wa huku wanazijua korosho. Kila mmoja ameungua midomo au vidole kwa kuing'ata korosho mbichi kabla ya kuchomwa. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniletea visanduku sita. Alikuwa ameipasua korosho kwa wembe, mikono ameipaka mafuta ya kula, akachungulia kwa kioo cha kukuzia. Alichora ganda la nje, ganda la ndani, na katikati yake vijumba vidogo kama sega la nyuki, kila kijumba na tone lake la mafuta yale yanayounguza. Kisanduku cha mwisho kilikuwa na mdudu amesimama juu ya ganda akisema: "Hapa siingii." Nilimuuliza nani alimwambia kuna vijumba. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. "Mwalimu, si nimeviona?"

Mwaka 2019 wanasayansi waliochunguza upya mkia mmoja wa dinosaria, uliotoka Tendaguru enzi zile za mianzi, waliona kwamba ni wa aina ambayo haikuwa na jina. Wakaipa jina: Wamweracaudia keranjei. La pili linamuenzi Mohammadi Keranje, mmoja wa watu wa huku waliofanya kazi ya kuchimba. La kwanza limeunganisha mkia, kwa Kilatini, na Wamwera, kabila letu.

Nilisafiri kwenda kumwambia bibi. Alikuwa amepita miaka themanini, masikio mazito, macho mazima. Nilimkuta kwenye mkeka na bakuli la ming'oko ya moto, nikapiga magoti, nikaamkia, nikasogea sikioni.

"Bibi, yule mjusi wa Tendaguru. Alikuwa na wenzake. Mmoja wao amepewa jina letu."

"Jina la nani?"

"La Wamwera."

Aliacha kutafuna. "Sema tena."

Nikasema tena, lote, kwa vipande ili alisikie: Wa-mwe-ra-kau-dia. Nikamweleza kwamba popote duniani mtu atakapolisoma, ataanza na sisi. Aliuliza maana ya kipande cha mwisho, nikamwambia ni mkia.

"Mkia tu?"

"Pingili za mkia ndizo zilizopatikana, bibi."

Akatikisa kichwa taratibu, akitazama upande wa njia ya mlimani. Mkono wake wa kushoto ulipanda kwenye bega la kulia, ukakaa pale kidogo.

"Niandikie," alisema.

Bibi yangu hakusoma. Nilipekua mkoba, sikuwa na daftari. Kulikuwa na karanga nilizonunua stendi asubuhi ile, nikazimimina kwenye bakuli lake, nikaikunjua karatasi, nikaandika pembeni palipokuwa peupe, kwa herufi kubwa. Akaipokea, akaitazama juu na chini, akaikunja mara mbili. Kisha akafungua pindo la kanga anapoweka hela zake, akaitia humo, akafunga fundo, akalikaza.